Plaid au Mouse on Mars: uanze na wawili gani?

Mtu aliyekulia kwenye benga na rumba, na ambaye siku hizi wikendi yake ni amapiano, akiniuliza aanzie wapi kusikiliza muziki wa kielektroniki wa majaribio, huwa namtajia makundi mawili tu. Kila moja ni la watu wawili. Plaid ni Ed Handley na Andy Turner wa Uingereza. Mouse on Mars ni Jan St. Werner wa Cologne na Andi Toma wa Düsseldorf, Ujerumani. Yote mawili yalianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na yote mawili yameendelea kutoa albamu hadi miaka hii ya 2020.

Nawataja hawa kwa sababu moja: wanachezea sauti kupita kiasi lakini hawajaukana wimbo. Wako watu hapa Nairobi watakaokuambia kwamba muziki wa namna hii ni kelele za watu wenye kompyuta nyingi na muda mwingi. Sikubaliani nao hata kidogo. Ukisikiliza Plaid mara moja utatoka na tuni mdomoni. Ukisikiliza Mouse on Mars mara tatu utatoka na tuni pia, na hiyo ya pili huenda ikakaa nawe muda mrefu zaidi.

Shida ni kwamba programu za kusikilizia muziki huwaweka fungu moja, kana kwamba anayempenda mmoja lazima ampende mwingine. Si kweli. Nimeona mtu mwenye sikio zuri akimkimbia mmoja kabla wimbo haujafika katikati, kisha akimwangukia mwingine kwa mapenzi. Plaid hukupa wimbo kwanza, na majaribio yamefichwa kwenye hesabu ya mapigo. Mouse on Mars hukupa sauti kwanza, sauti iliyopindwa, iliyokatwakatwa na kulowekwa, na wimbo huja baadaye ukishatulia. Kwa hiyo kuchagua kunategemea sikio lako linavumilia kungoja nini.

Plaid, kwa sikio la benga

Handley na Turner walikuwa watu watatu kwanza, pamoja na Ken Downie, katika kundi la The Black Dog. Wakatoka mwaka 1995. Kabla ya kutoka walikuwa wameshatoa albamu kwa jina la Plaid, mwaka 1991, ikiitwa Mbuki Mvuki, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita bila kugeuza shingo. Tangu 1997 wamekuwa na lebo (kampuni ya kutoa rekodi) ya Warp, iliyoanzia Sheffield. Albamu yao ya kwanza huko, Not for Threes, ina Björk akiimba kwenye "Lilith" na Nicolette, mzaliwa wa Glasgow mwenye wazazi Wanigeria, kwenye "Extork". Kwa hiyo hata anayedai hawezi kusikiliza muziki usio na mwimbaji ana mlango wa kuingilia.

Lakini mlango mzuri zaidi ni Double Figure ya mwaka 2001, na wimbo wake wa kwanza, "Eyen". Usianze na kingine. Utasikia nyuzi zikidonolewa, tuni iliyo wazi kabisa, na kadiri dakika zinavyokwenda sauti nyingine zinaingia chini yake bila kuifunika. Hii ndiyo kazi wanayoijua kuliko wengine wote: tuni fupi inazunguka, ya pili inaingia ikiwa na urefu tofauti, zinapishana, zinakutana, zinapishana tena. Hakuna inayokubali kuwa msindikizaji.

Sasa weka hilo kando ya rekodi yoyote ya Shirati Jazz, bendi ya benga ya D.O. Misiani. Gitaa la kwanza linasema, la pili linajibu kabla la kwanza halijamaliza, na besi haikai nyuma ikihesabu tu, bali inaingia kwenye mazungumzo na kuyaongoza. Waimbaji wakishanyamaza na gitaa zikaachiwa uwanja, ndipo benga inapofika mahali pake. Wapiga gitaa wa benga waliupata ujuzi huo kwenye nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane, ambayo mpigaji wake hudonoa kwa vidole huku pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga ubao na njuga zikilia kwenye kifundo. Mtu mmoja, mistari mitatu ya muziki, na kila mmoja unasikika.

Sikio lililolelewa hivyo halina sababu ya kuiogopa Plaid. Linajua tayari kufuata mistari miwili kwa wakati mmoja. Kitakacholisumbua ni hesabu. Benga hutembea kwa mapigo yanayokanyagika, na mguu unajua utatua wapi. Plaid wanaweza kukuletea mapigo matano au saba, na mguu ukabaki hewani. Usijilazimishe kuhesabu. Fuata tuni ya juu, nayo itakupeleka, kwa sababu wao wenyewe wameijenga ikupeleke.

Udhaifu wao nausema wazi: usafi. Kila sauti imeoshwa, imepangwa, imepigwa pasi. Kuna albamu zao, na kwangu The Digging Remedy ya 2016 ni mojawapo, ambapo uzuri unafuatana na uzuri mwingine hadi hakuna kinachobaki kimekushika. Polymer ya 2019 ni bora zaidi kwa sababu wameruhusu uchafu kidogo, besi inakwaruza, ngoma zinauma. Ukishazoea Double Figure nenda moja kwa moja Polymer, kisha urudi Rest Proof Clockwork ya 1999.

Na kama wewe ni mtu wa filamu za vibonzo za Kijapani, basi huenda umeshawasikia bila kujua. Muziki wa Tekkonkinkreet, iliyoongozwa na Michael Arias mwaka 2006, ni wao. Katika kazi hiyo wamelegea, wanaacha nafasi, na kwa anayetaka kusoma au kufanya kazi usiku ndiyo ninayompa.

Mouse on Mars, kwa sikio linaloipenda besi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hawa ndio wanaoeleweka vibaya.

St. Werner na Toma walianza mwaka 1993. Miji yao haikuwa migeni kwa mambo haya: Düsseldorf ndiko walikotoka Kraftwerk, na Cologne ndiko walikotoka Can. Albamu ya kwanza, Vulvaland, ilitolewa 1994 na lebo ya Too Pure ya London. Fungua na "Frosch". Ni muziki wa joto, umelala chini, besi yake imejifunza kwa dabu ya Jamaika, na juu yake kuna vijisauti vinavyobubujika kama uji unaoanza kuchemka. Hakuna kinachokusukuma. Ukiwa na haraka utadhani hakuna kinachotokea.

Mwaka uliofuata wakatoa Iaora Tahiti, na hiyo ndiyo albamu ninayompa mgeni. Kuna furaha ndani yake ambayo majaribio mengi ya kimuziki hayana. Tuni zipo, nyingi tu, ila hazipigwi na ala unayoweza kuitaja. Unasikia kitu ambacho kingeweza kuwa gitaa, filimbi au mlango, kikirudi na kurudi mpaka unatambua kwamba kinaimba. Hiyo ndiyo njia yao ya kazi: wanachukua sauti, mara nyingi ya ala halisi iliyorekodiwa, wanaivunja mpaka isijulikane, halafu vipande vyake wanavipanga upya viwe wimbo. Ndiyo maana nasema majaribio yao yako kwenye mwili wa sauti yenyewe, wakati Plaid sauti zao ni rafiki na ujanja uko kwenye mpangilio.

Wengi huniambia hawawezi kusikiliza kitu kama hicho. Mimi huwauliza: amapiano unasikilizaje? Logi dramu ni nini, kama si ngoma iliyopindwa mpaka ikawa besi na tuni kwa pamoja? Kila wikendi Nairobi nzima inacheza sauti ambayo haitoki kwenye ala yoyote ya mbao wala ngozi, inaruka juu na chini, na hakuna anayelalamika kwamba ni majaribio. Sikio liko tayari. Kinachokosekana ni mwendo tu, kwa kuwa amapiano hukuahidi mapema kwamba utacheza, na Mouse on Mars hawakuahidi chochote mpaka katikati ya wimbo.

Baada ya hapo njia zao zinagawanyika, na ni vizuri ujue kabla hujatoa pesa. Autoditacker ya 1997 imejaa mambo madogo madogo, kila sekunde kuna kitu. Niun Niggung ya 1999 inaleta ala za kawaida ndani, gitaa na tarumbeta, na kwa wepesi wa kusikiliza ni ya pili baada ya Iaora Tahiti. Idiology ya 2001 inaanza na "Actionist Respoke", ambapo mpiga ngoma wao wa miaka mingi, Dodo NKishi, anatoa sauti, na ghafla wawili hawa wanakuwa bendi ya kupandishia watu jukwaani. Radical Connector ya 2004 ndiyo iliyokaribia zaidi nyimbo za redio, karibu kila wimbo una mtu anayeimba. Anayesema Mouse on Mars hawana tuni hajaifungua hiyo.

Halafu kuna Varcharz ya 2006. Usianze nayo. Ni ngumu, imekunjamana, na inafaa tu ukishawaamini.

Za karibuni ni mbili ninazozipenda kwa sababu tofauti. Dimensional People ya 2018 imejengwa juu ya mwendo mmoja wa mapigo 145 kwa dakika, na wageni wengi wamepita humo, akiwemo Justin Vernon wa Bon Iver, Zach Condon wa Beirut na mkongwe Swamp Dogg. Ila usitarajie kila mgeni apewe wimbo wake. Sauti zao zimechanganywa mpaka huwezi kusema huyu anaanzia hapa na yule anaishia pale. AAI ya 2021 imejengwa kwenye maneno na sauti ya mwandishi Louis Chude-Sokei, mzaliwa wa Nigeria. Mashine ilifundishwa kusema kwa sauti yake, kisha wawili hawa wakaipiga mashine hiyo kama ala. Leo kila mtu anazungumzia akili bandia kwenye muziki, wengi kwa hofu. Hapa utasikia ikitumiwa na watu waliotaka kujua ina sauti gani, si watu waliotaka iwafanyie kazi.

Uzi unaofika Nairobi

Kuna jambo linalowafanya Wajerumani hawa wasiwe mbali sana nasi. Taasisi ya Goethe ya hapa jijini iliwahi kuwakutanisha wanamuziki wa Berlin na wa Nairobi katika mradi ulioitwa BLNRB. Kutoka Berlin walikuja Modeselektor, ambao nao ni wawili, ndugu wawili wa Gebrüder Teichmann, na kundi la Jahcoozi. Upande wa Nairobi walikuwemo Just a Band, Nazizi, Abbas, Ukoo Flani na Michel Ongaro. Walifanya kazi pamoja hapa, na albamu, Welcome to the Madhouse, ikatolewa na lebo ya Outhere mwaka 2011. Ndani yake rapu ya Kiswahili na Sheng inakaa juu ya midundo ambayo miaka hiyo hukuisikia kwenye redio zetu. Mwaka uliofuata, 2012, Monkeytown, lebo ya hao hao Modeselektor, ndiyo iliyotoa Parastrophics ya Mouse on Mars. Ukisikiliza hizo mbili mfululizo utasikia ujirani: besi nzito, mikato ya ghafla, na kutomwonea aibu anayetaka kucheza.

Kwa mpenzi wa rapu, basi, njia ya kufika kwa Mouse on Mars inapita nyumbani. Aanze na Madhouse, aende Parastrophics, ndipo arudi nyuma mpaka 1995. Plaid hawana daraja la namna hiyo. Kwao utaingia kwa gitaa au usiingie.

Unasikilizia wapi, na kwa nini?

Hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani, na mara nyingi ndilo linaloamua.

Spika ya simu huua besi. Ni ndogo mno, haiwezi kusukuma hewa ya sauti za chini. Mouse on Mars kwenye spika ya simu wanabaki vijisauti vya juu bila mwili, na hapo ndipo watu husema ni kelele. Plaid wanastahimili zaidi, kwa sababu tuni zao ziko katikati na juu. Kama simu ndiyo chombo chako pekee, na huna hata hedifoni, chaguo limeshafanyika: Plaid.

Ukiwa na hedifoni nzuri kiasi zinazofunika masikio, wote wawili wanafunguka. Ukinunua Luthuli Avenue, omba uzijaribu pale pale kwa wimbo wenye besi unaoujua vizuri, wala usidanganywe na maandishi ya kisanduku. Ukiwa na spika mbili sebuleni, zilizotenganishwa, weka Iaora Tahiti na ukae katikati. Sauti zake zinatembea kutoka kushoto kwenda kulia, na nusu ya raha iko hapo. Majirani wa ghorofa hawatakushukuru, kwa hiyo fanya mchana.

Kwenye matatu sahau wote, hasa kama ni nganya yenye muziki wake. Ukilazimika, Radical Connector ina nguvu ya kupenya kelele za Thika Road, na Double Figure haina.

Kuhusu gharama, usisikilize albamu ile ile kwa bando kila siku. Albamu za makundi haya zinauzwa Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, na kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay unaweza kulipa bila kuwa na kadi ya benki. Ukishanunua unapakua mara moja, umemaliza. MP3 ya kiwango cha juu, ile ya kilobiti 320, hula takriban MB 2.4 kwa kila dakika, yaani albamu ya saa moja ni karibu MB 144. FLAC, faili isiyopunguza ubora wa sauti, ni nzito zaidi, mara mbili hadi tatu hivi, na kwa hedifoni za kawaida hutasikia tofauti ya kukufanya uumie. Anayetaka santuri zenyewe itambidi aagize kutoka nje. Vibanda vya santuri vya Kenyatta Market vitakupa benga, rumba na soul, ambazo ni mali kweli kweli, lakini hawa sijawaona pale.

Na wengine wawili wawili?

Utatajiwa Boards of Canada, ndugu wawili wa Uskoti, na Music Has the Right to Children yao ya 1998. Ni nzuri, inastahili sifa zake, lakini imefungwa kwenye kumbukumbu za utoto wa televisheni ya huko, na mgeni wa hapa anaweza kuona ukungu tu. Iweke pembeni kwa sasa. Utatajiwa Duma pia, vijana wetu wawili wa Nairobi, ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Najivunia kazi yao. Lakini hiyo ni ghadhabu ya metali na mashine, mayowe mwanzo mwisho, na anayetafuta tuni ya kushika atakuwa amebisha mlango usio wake.

Ninaowapendekeza kwa moyo wote ni Odd Okoddo: Olith Ratego, mwimbaji wa dodo ya Wajaluo, na Sven Kacirek, mpiga ngoma wa Hamburg. Albamu yao ya 2019, Auma, imechukua uimbaji huo na kuuzungushia midundo myembamba, ya mbao na vyuma, iliyopangwa kwa uangalifu mkubwa. Kama umesoma mpaka hapa na bado hujui uchague Plaid au Mouse on Mars, isikilize Auma kwanza. Ukijikuta unafuata jinsi midundo inavyofungana, wewe ni wa Plaid. Ukijikuta unajiuliza ile sauti ni ya kitu gani, wewe ni wa Mouse on Mars.

Kama unatengeneza midundo

Wako wengi wanaosoma hivi huku FL Studio, programu ya kutengenezea midundo, imefunguliwa kwenye dirisha lingine, na kwao swali ni tofauti kidogo: uige nani?

Kutoka kwa Plaid unajifunza kitu unachoweza kukifanya leo jioni bila kununua chochote. Tengeneza tuni ya mapigo matano na nyingine ya mapigo saba, ziache zizunguke kwa pamoja. Zitaanza tena kwa pamoja baada ya mapigo 35, na katika safari hiyo zitakupa mikutano ambayo hukuipanga. Tafuta ile inayopendeza, ikate, ijengee wimbo. Ugumu uko kwenye kuchagua noti ambazo hazitagombana zikikutana popote, kwa hiyo baki kwenye ngazi ya noti tano mpaka uzoee.

Kutoka kwa Mouse on Mars unajifunza kurekodi. Chukua simu, rekodi sauti moja ya hapo ulipo, sufuria, geti, kondakta akipiga bodi ya gari, kisha uivute, uigeuze, uishushe mpaka iwe besi. Hapa kazi ni ndefu. Utatupa tisa kati ya kumi. Lakini ile moja itakayobaki haitakuwa kwenye paketi ya sauti ya mtu mwingine yeyote, na midundo mingi inayotengenezwa jijini sasa inafanana kwa sababu sote tunapakua paketi zile zile. Ndiyo maana mtengenezaji wa midundo ningemwelekeza kwa Mouse on Mars hata kama sikio lake linawapenda Plaid. Aanze na Niun Niggung, maana humo ala halisi na sauti zilizovunjwa zinasikika bega kwa bega, na ni rahisi kuona gitaa limekuwa nini.